Zege Halina Sabato

Nimekuwa na hasira na mtu huyu kwa muda mrefu hata nikimkumbuka sasa, kinachotangulia si uso wake bali jino langu la nyuma, lile ninalolisaga ninapokasirika. Watu wengine huandika juu ya walimu wao kwa shukrani. Mimi nimeijaribu shukrani mara tatu na mara tatu nimechana karatasi. Kwa hiyo nitaandika kwa hasira, na kama kuna shukrani ndani yake, itatoka yenyewe bila kuitwa.

Alikuwa mwalimu wetu wa zege. Katika chuo chetu cha ufundi upande wa Homa Bay, walimu wengine wote walisema konkriti, nasi tukasema konkriti. Yeye alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mtu wa mpakani, na Kiswahili chake kilikuwa kimevuka kutoka Tanzania pamoja na mahindi na sabuni. Alisema zege, akiivuta ile z kama nyuki aliyefungiwa chupani. Somo lilipaswa kufundishwa kwa Kiingereza, na kila kipindi alikianza kwa Kiingereza safi cha vitabuni. Mtu akikosea, Kiingereza kilimwishia Mwalimu. Na kwa kuwa tulikosea kila siku, naweza kusema bila kutia chumvi kwamba uhandisi nilifundishwa kwa Kiswahili.

Kuna jambo moja la lugha alilolichukia kuliko saruji iliyoganda mfukoni. Hakutaka tuseme kitu kimevunjika, kimeharibika, kimemwagika.

"Hizo ni ika-ika," alisema. "Kiswahili ni lugha nzuri, lakini hapo kimewapa wezi mahali pa kujificha. Kikombe kimevunjika! Kilijirusha chenyewe kutoka mezani? Kilikuwa na huzuni?"

Tulicheka. Akangoja tumalize.

"Kimevunjwa," akasema. "Na nani?"

Swali hilo la nani aliliandika kwa wino wa kijani pembeni mwa kila karatasi. Tukiandika kwa Kiingereza kwamba ukuta ulishindwa, yeye aliandika kwa Kiswahili: Nani? Mwaka wa pili tulimimina vipande vya zege vya majaribio, na vilipowekwa kwenye mashine ya kubana vikasagika kama maandazi ya juzi. Kiongozi wa kundi letu alikuwa Otieno, aliyekaa dawati moja nami, kijana mcheshi ambaye hakuwahi kukosa usingizi kwa sababu ya jambo lolote. Alisimama kueleza.

"Mwalimu, mchanganyiko uliharibika."

"Nani aliuharibu?"

"Ni maji tu, Mwalimu. Maji yalizidi."

"Yalitembea kwa miguu kutoka ziwani mpaka kwenye karai?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi sema, mura." Mura ni kijana kwa Kikuria, na ndivyo alivyotuita sote, hata wale wasichana wawili wa darasa letu.

Otieno aliizamisha shingo mabegani. "Mimi Otieno nilizidisha maji kwa sababu nilichoka kukoroga."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimpa Otieno alama za juu kuliko sisi wote wiki ile, lakini nani alikumbuka alama? Mpaka tunahitimu, Otieno aliitwa Nilichoka. Hata mpishi wa chuo alimwita hivyo akimpakulia maharagwe.

Kwa Otieno jambo hilo lilikuwa jina la utani tu. Mimi liliniingia kama funza. Mimi ni mtu ninayerudi mara tatu kuhakikisha mlango nimeufunga, kisha njiani nawaza kama kule kurudi ndiko kulikoufungua. Mtu wa namna hiyo hapewi swali la nani. Likizo moja Mama alisema ugali umeungua, nikamwuliza umeunguzwa na nani. Alinijibu kwa mwiko.

Mwalimu alitutesa kwa mchanga pia. Alitutembeza hadi ufukweni, akachota mchanga wa ziwa, akausugua viganjani na kutuonyesha vumbi jeusi lililobaki kwenye mistari ya mikono yake. Kisha akatia konzi moja kwenye chupa ya maji, akaitikisa, akaiweka juu ya jiwe. "Sasa kaeni," akasema, naye akakaa. Tulikaa kwenye jua mpaka mchanga ukatua chini na tope likajilaza juu yake kama malai juu ya maziwa. "Hilo la juu ndilo litakaloua watu. Saruji haishiki tope. Mwenye mradi atawaambia mchanga ni mchanga. Mjibu kwa chupa." Mmoja wetu alizimia kwa jua. Mwalimu alimpepea kwa kofia yake mwenyewe, akamnunulia soda, na jioni akatuambia anayezimia mchana kweupe hatamaliza kazi ya barabara. Ndivyo alivyokuwa: mkono mmoja wa kukuinua, ulimi mmoja wa kukurudisha chini.

Lakini lililonikera zaidi ni la Kegonga. Alitupa zoezi la kuchora daraja dogo la miguu juu ya kijito kimoja huko, daraja la kweli ambalo wanakijiji wangelijenga kwa mikono yao. Tulilichora wiki tatu. Nilipima kila kitu. Nilikokotoa uzito wa mtu mzima, wa watu wazima kumi, wa watu wazima kumi wanaokimbia. Kwa kuwa ukingo mmoja ulikuwa juu kuliko mwingine, tukaweka ngazi sita nzuri mwishoni. Kila siku Mwalimu alipita mezani petu, akatazama ngazi zile, akasema, "Endeleeni."

Tulikwenda Kegonga kuwaonyesha wenyewe. Walikuja watu wengi, wazee wamevaa makoti, kina mama wametandika leso kwenye majani. Tukatundika mchoro. Nikaeleza. Bibi mmoja mwenye fimbo aliinuka, akausogelea mchoro mpaka pua yake ikaugusa.

"Hii ni nini?"

"Ni ngazi, Bibi."

"Ng'ombe atapanda ngazi?"

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Wazee walipigana mabegani. Mtu mmoja aliigiza ng'ombe anayepanda ngazi, akinyanyua mguu mmoja kisha mwingine kwa adabu kubwa, na watoto wakamfuata nyuma wakilia mooo. Tulikuwa katikati ya Wakuria, watu ambao ng'ombe wao huvuka kila mto kabla yao, na kwenye mchoro wetu hapakuwa hata na kwato moja.

Njia nzima ya kurudi nilichemka. Nilipomkabili Mwalimu, nilimwambia alijua tangu siku ya kwanza.

"Nilijua," alisema.

"Ulituacha tuaibike."

"Ningekwambia mimi, ungeziondoa ngazi. Sasa amekwambia yule bibi. Kesho ukichora kitu, utamtafuta yeye kwanza."

Ni kweli. Tangu siku ile sijachora hata choo bila kuuliza watakaoingia. Lakini mpaka leo nikisikia mooo, masikio yanapata moto. Je, hapakuwa na njia nyingine? Nimeitafuta kwa miaka. Kila nikiipata, naona mimi nisingeisikia, na hilo linanikasirisha upya.

Mwalimu alikuwa Msabato, mzee wa kanisa, wa wale wasiowasha jiko kuanzia Ijumaa jua likizama. Uji wa Sabato aliunywa baridi. Suti yake ya kijivu ilijulikana chuo kizima. Ila tulipokuwa tumemimina sakafu ya karakana mpya siku ya Alhamisi, Jumamosi ile nilimwona akitoka kanisani katikati ya ibada, amekunja suruali ya suti mpaka magotini, amebeba ndoo mbili. Alikuwa akiinywesha ile sakafu. Zege changa likikauka haraka linapata nyufa, na yeye hakumwamini mtu mwingine kulimwagilia. Mchungaji alimfuata mpaka pale, Biblia kwapani.

"Mzee, na amri ya nne?"

"Mchungaji, zege halina Sabato."

"Wewe unayo."

"Ng'ombe akitumbukia shimoni Sabato, mnamwacha?"

"Sioni ng'ombe hapa."

"Utamwona likipasuka," akasema Mwalimu, na akaenda kujaza ndoo tena.

Walimsimamisha uzee wa kanisa kwa miezi kadhaa. Aliketi kiti cha nyuma, mtu mzima yule, bila kulalamika, na kila tulipomimina zege Alhamisi alitoka tena Jumamosi na ndoo zake. Tulimpenda kwa hilo. Nasema wazi: tulimpenda. Tulikuwa vijana, tukadhani mtu wa aina hiyo hulindwa na kitu fulani.

Ilisemekana aliwahi kuwa mkaguzi wa serikali na kwamba alikataa kutia sahihi daraja moja kwao kwa sababu msingi ulikuwa mfupi, ndipo akaletwa kufundisha. Tuliisimulia habari hiyo bwenini kama hadithi ya shujaa. Katika hadithi yetu daraja lilianguka, wakubwa wakaaibika, na yeye akasimama ukingoni amekunja mikono. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyejiuliza pia kwa nini shujaa aliyethibitika kuwa sahihi bado anavaa suti ileile.

Nilihitimu, nikapata kazi ya mkataba kwenye ofisi iliyosimamia miradi ya maji. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa tangi la zege huko Kisegi, juu kidogo ya soko, la kuwapa maji safi kina mama wa samaki na wakulima wa pale waliokuwa wakichota ziwani. Mkandarasi alikuwa akizoa mchanga ufukweni bila kuuosha. Nikafanya lile la chupa. Tope lilikuwa nene kama kidole changu. Nikairudia mara nne, kwa sababu ni mimi, na mara nne kidole kilikuwa kilekile.

Nilimpelekea bosi chupa mezani. Aliitazama, akanitazama.

"Kijana, hii chupa yako inatupeleka wapi?"

"Bwana, ukuta hautashika."

"Umesimama?"

"Umesimama, lakini..."

"Basi umeshika. Tia sahihi."

Sikutia. Niliandika ripoti ya kurasa nne kwa Kiingereza, kila sentensi ikiwa na mtendaji wake, kama nilivyofundishwa. Ripoti iliingia kwenye faili, faili kwenye kabati. Sahihi ilitiwa na mtu mwingine asubuhi iliyofuata. Mkataba wangu ulipokwisha haukuongezwa, na kila ofisi niliyobisha hodi kuanzia Migori mpaka Homa Bay ilikuwa imeshasikia kwamba mimi ni msumbufu.

Na tangi lilisimama. Huo ndio ulikuwa msumari. Lilijazwa, likafunguliwa kwa ngoma na hotuba, na kina mama wakapanga ndoo. Nilianza kwenda Kisegi siku za soko kulitazama. Nilijifanya nanunua omena, wale dagaa wa ziwani. Nilizunguka ukuta wa chini, ule unaoelekea kwenye bomba la kuchotea, na nilipoona mstari wa unyevu umejitokeza karibu na msingi, moyo wangu uliruka. Uliruka kwa furaha. Niliigundua furaha hiyo nikiwa nimesimama na kifurushi cha omena mkononi, nikaondoka mbio, lakini wiki iliyofuata nilirudi kuona kama mstari umerefuka.

Mjini Migori nilikutana na Otieno, yule Nilichoka. Alikuwa na pikapu, na mradi wa tatu mkononi.

"Omera, ndugu yangu, umekonda! Nini?"

Nikamweleza. Alicheka, si kwa ubaya.

"Kwani wewe ulimwamini yule mzee? Yale yalikuwa ya mtihani, bwana! Yeye mwenyewe yamemfikisha wapi?"

 Nikapanda kwenda Ntimaru kulidai jibu kwa mwenyewe. Alikuwa amestaafu.

Mkewe, mama mrefu aliyekuwa akipukuchua mahindi uani, hakushangaa kuniona. "Kama unamtaka huyo, mvua zimekwisha juzi," alisema, kana kwamba hilo lilitosha kueleza. "Yuko darajani kwake."

Nilimkuta chini ya daraja la barabara ya mpakani, yuko ndani ya maji ya magotini, karai la mawe kiunoni. Alikuwa amezeeka shingo tu; mikono ilikuwa ileile. Alikuwa ametoa magogo yaliyoletwa na mafuriko, na sasa anapanga mawe kuzunguka mguu wa nguzo ya kati, moja moja, akiligonga kila jiwe kwa nyundo ndogo na kusikiliza.

"Mura," alisema, kana kwamba tuliachana jana. "Nipe hilo jiwe bapa."

Nilimpa. Kisha nikamwuliza daraja hili ni lipi.

"Ndilo nililolikataa."

"Lakini limesimama!"

"Limesimama." Lori la mahindi likapita juu yetu, likatumwagia vumbi vichwani. "Vijana wa hapa wakiniona wananipigia kelele, mwalimu, daraja lako bado! Nami nawaambia bado, asanteni."

"Kwa hiyo ulikosea?"

"Sijui. Msingi wa nguzo hii haukufika kwenye mwamba, hilo nililiona kwa macho. Labda ardhi ni njema kuliko nilivyodhani. Labda ni mawe haya. Kila baada ya mvua maji yanachimba hapa, na kila baada ya mvua nayarudisha."

Niliyatazama mawe yale. Mtu huyu aliondolewa kazini kwa sababu ya nguzo hii. Ingeanguka siku yoyote kati ya siku hizo, angetembea kifua mbele. Naye alikuwa akiishikilia isianguke.

Hasira yote ikanitoka mdomoni mara moja. Nilimwambia habari ya Kisegi, chupa, ripoti, ofisi zilizonifungia, Otieno na pikapu yake. Nilimwambia alitufundisha kukataa na hakutufundisha kuishi siku ya pili yake. Nilipiga kelele mpaka mwangwi wa daraja ukanirudishia sauti yangu.

Akaniacha nimalize. "Unaomba lipasuke?" akauliza.

"Hapana."

"Usinidanganye, mura. Mimi nililiombea hili miaka miwili. Nililala nikisikiliza mvua kwa tamaa. Halafu siku moja mke wangu akavuka kwenda sokoni na mzigo wa ndizi, nami nikajikuta nimesimama ukingoni nangoja."

 Alichukua jiwe jingine.

"Naomba," nikasema.

"Kisegi umemwambia nani?"

"Niliandika ripoti..."

"Sikuuliza uliandika nini. Wale wanaopanga ndoo chini ya ukuta, umemwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Mimi, ninayewaza kila jambo mara saba, sikuwa nimewaza hilo hata mara moja. Nilikuwa nimekataa kwa kurasa nne na kuliacha soko zima likinywa pale.

Mwalimu alimwaga mawe, akalipindua karai na kuliweka kichwani, akashika kiuno. "Mimi ni mama wa Kisegi. Nina haraka, omena yangu iko juani. Sema."

"Mwalimu, tafadhali..."

"Mwalimu ni nani? Sema, omena inaliwa na kunguru!"

"Mama, kulingana na ukaguzi wa kitaalamu..."

"Sielewi. Kwaheri."

"Mama, ngoja. Tangi hili lina udhaifu wa..."

"Wewe ni mganga? Tangi lina homa?"

Nilijaribu, naye akanikatiza. Nikajaribu tena. Vijana wawili wenye ng'ombe walisimama juu ya daraja wakachungulia mzee mwenye karai kichwani akigombana na kijana mwenye viatu vya ofisi majini. Mwishowe nilisema, "Mama, mchanga wa kujengea tangi hili ulikuwa na tope. Ukuta huu wa chini umeanza kulowa. Msilijaze kupita nusu, na msipange foleni upande huu. Hili bomba tulihamishe kule juu."

 Sasa sauti yake haikuwa ya mchezo.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Huu ni mwezi gani?"

"Agosti."

Alilishusha karai. "Hapo ndipo watakapokukasirikia. Usijitetee. Waache wamalize."

"Na ofisi ikisikia nimewaambia? Nitakula nini, Mwalimu?"

Miaka mitatu chuoni alikuwa na jibu la kila kitu. "Sijui," alisema. "Mimi nilikula ualimu, na mke wangu alilima. Wewe sijui."

Nilitamani kumtupia jiwe. Nilipanda ukingo, viatu vikilia maji, bila kuaga. Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita kutoka kule chini, mikono kaizungusha mdomoni.

"Mura! Usianze na samahani, hao watu wana haraka. Anza na maji!"

 Nilikwenda na hasira yangu hadi Kisegi, nikamwomba mama wa kwanza kwenye foleni atue ndoo, na nikaanza na maji.